Mikoba na Lugha Huachwa Mlangoni

Usiku wa jana niliota nimepelekwa semina, na kitu cha kwanza nilichokitilia shaka ni chai. Ililetwa kabla hata hatujajitambulisha. Mimi ni mkutubi, nimekaa semina nyingi, na sijawahi kuona chai inawahi. Ikiwahi, ujue kuna jambo wanataka ulimeze pamoja nayo.

Bango ukutani liliandikwa: KUMHUDUMIA MSOMAJI WA KILA AINA. Ukumbi ulikuwa maktaba yetu ya wilaya, ila dari ilikuwa imeshuka kidogo na madirisha yalikuwa yamegeuka yakitazama ndani.

Mlangoni, kwenye meza ya mikoba, ulikaa mwamvuli. Niliufahamu. Ni ule mweusi ambao msomaji fulani aliuacha kwetu wakati wa masika na hakuurudia. Sasa ulikuwa umeajiriwa.

"Mkoba," ukasema.

Nikautoa.

"Na lugha ya nyumbani."

"Lugha ya nyumbani ya nini?"

"Haiingii. Mle ndani tunahudumia watu wote, kwa hiyo hatutaki mtu aingie na vyake."

Nilitaka kubisha, lakini mimi mwenyewe ndiye ninayewaambia watu kila siku kwamba sheria ni sheria, mkoba hauingii. Nikafungua mdomo. Kirangi changu kikatoka taratibu, kina joto, kizito kuliko nilivyodhani. Mwamvuli ukakitia kwenye kiroba, ukakifunga kwa kamba, ukanipa kibati chenye namba. Namba ilikuwa inabadilika kila nikiitazama, nikaificha mfukoni haraka ili itulie.

Mwezeshaji ni lile kabati la kadi za vitabu, tulilolisukumia kwenye korido tangu kompyuta zilipokuja. Linazungumza kwa droo. Droo moja ikifunguka, sentensi moja inatoka, halafu inajifunga.

"Washiriki, karibuni," linasema. "Tuchague mtunza muda."

Tunauchagua mhuri wa tarehe. Hakuna mwingine aliyegombea. Mhuri unaruka mezani, unajigonga kwenye wino, unatangaza kwamba kila kilichoazimwa leo lazima kirudi, yakiwemo maneno.

Hapo nikazidi kuingiwa na wasiwasi. Kushoto kwangu alikaa Bwana Sulle, mkuu wangu wa kazi. Alikuwa anaandika kila kitu kwa kalamu isiyo na wino.

"Mzee, na wewe umeacha lugha mlangoni?" nikamnong'oneza.

"Nimeacha. Kiiraqw chote."

"Na hukuuliza?"

"Dada Mwajabu, semina ni kusikiliza. Kunywa chai."

Sikunywa.

"Zoezi," likasema kabati. "Kila mshiriki atampokea msomaji mmoja. Ukimwelewa, atahudumiwa. Usipomwelewa, atapangwa Mchanganyiko."

Rafu ya Mchanganyiko naijua. Iko nyuma, karibu na stoo, na ndiko tunakoweka vitabu tusivyojua pa kuviweka. Kitabu kikishaingia huko hakiulizwi tena na mtu. Anayevipeleka ni mimi.

"Mtu anapangwaje?" nikauliza.

"Kwa herufi," likajibu kabati.

Mlango ukafunguka, akaingia mama yangu.

Amevaa kanga yake ya kijani na vile viatu anavyovaa akienda mjini. Anakuja moja kwa moja kwenye meza yangu, anasimama, ananiuliza swali. Ananiuliza kwa Kirangi. Mama hutumia Kirangi kwa mambo yote ya maana; Kiswahili anakiweka kwa ajili ya wageni na daktari.

Sielewi hata neno moja.

Sauti naijua. Najua anapovuta pumzi na anapoinua nyusi. Maneno yenyewe yananipita tu. Anauliza tena, polepole, jinsi anavyoongea na watu asiowafahamu. Niliogopa, tena niliogopa sana.

"Mama, sema Kiswahili," nikamwambia.

Ananitazama kwa adabu, kama anavyomtazama karani.

"Muda," unasema mhuri.

Kabati linatoa lebo nyeupe, zile tunazobandika mgongoni mwa vitabu. Linailamba, linambandika mama begani: MCH. Mama anaanza kuwa bapa kuanzia upande wa kushoto.

"Ngojeni," nikasema. "Naenda kuchukua kiroba changu."

Natoka mlangoni, na nje si nje. Ni mashineni kijijini kwetu, tulipokuwa tukisaga mahindi. Mashine inazunguka kwa nguvu zote bila kutoa mlio, kwa sababu ukutani kuna kibao chetu cha maktaba: KIMYA. Unga unamwagika bila sauti. Mwamvuli umekaa juu ya mizani, na nyuma yake viroba viko kwenye foleni, vinasukumana. Kisandawe kinagongagonga kutoka ndani. Kibarbaig kimejitenga, hakitaki kuguswa. Kiroba kimoja kinacheka chinichini, na kicheko hicho ni cha shangazi yangu mtupu. Nikajua ni changu.

Nikatoa kibati.

"Namba hii si ya leo," ukasema mwamvuli.

"Imebadilika yenyewe."

"Wote husema hivyo."

Nikaukazia macho. "Wewe walitaka kukutupa. Mimi ndiye niliyesema uachwe, huenda mwenyewe atarudi."

Mwamvuli ukarekebisha mkunjo wake. "Basi tubadilishane. Acha kitu cha kazini, unachokitumia kila siku."

"Kama nini?"

"Ile shii yako."

Ni ile ninayoitoa nikiwa nimeweka kidole mdomoni, msomaji akipaza sauti. Watu wananijua kwa hiyo kuliko jina langu. Nikaona hapa kuna namna.

"Unaitakia nini?"

"Mvua," ukasema mwamvuli. "Inanipigia kelele sana kichwani."

Nikaitoa. Ilitoka ndefu, na ilipokwisha mashine ikaanza kunguruma.

Narudi mbio na kiroba, nakifungua kwa meno, nakimeza Kirangi chote palepale mlangoni. Meza yangu haina mtu. Bwana Sulle ananionyesha kwa kalamu, bila kuinua kichwa. Mama yuko rafu ya chini kabisa, kati ya kitabu cha ufugaji wa nyuki na kingine kisicho na jalada. Unaonekana mgongo tu. Bado anauliza, kwa sauti ndogo, na sasa naelewa.

"Samahani, mwanangu. Namtafuta binti yangu. Nimeambiwa anafanya kazi humu."

Nikapiga magoti.

"Ni mimi, mama," nikasema kwa Kirangi. "Ni mimi, Mwajabu."

Akajigeuza kwa shida kati ya vile vitabu, akaniangalia kwa shaka kubwa, na hapo nikajua shaka yangu nimeirithi wapi.

"Sema tena," akasema.

Nikaamka nikiwa nasema.

Kulikuwa kumekucha. Mama, anayekaa kwangu tangu mavuno yaliyopita, alikuwa sebuleni akiongea na shangazi kwa simu. Mama hudhani simu inaendeshwa na mapafu. Kila asubuhi ni hivyo, na kila asubuhi majirani wanasikia habari zote za ukoo. Nikatoka chumbani, nikasimama mbele yake, nikaweka kidole mdomoni kama kawaida.

Pumzi ikatoka. Shii haikutoka.

Nikakohoa, nikanywa maji, nikajaribu tena mbele ya kioo. Upepo mtupu. Nikasema nina mafua, ingawa sikuwa nayo. Ndipo nikatazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha, matone makubwa, na juu ya bati hapakuwa na mlio wowote.

Mama alikuwa amesita na simu yake sikioni, akinisubiri. Alipoona nimesimama tu na kidole changu, akamwambia shangazi kwa Kirangi, safari hii taratibu:

"Leo hajaninyamazisha."