Maji ya Kumuaga Benedikta

Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 1937. Asubuhi hiyo upepo ulivuma kutoka mashariki, umebeba vumbi na harufu ya majani yaliyochomwa porini, na jua lilichomoza jekundu kwa sababu ya moshi. Mawingu yalijikusanya upande wa Tabora, lakini hayakuwa ya mvua. Hiyo ndiyo siku tuliyomwoza Benedikta, binti wa kaka yangu Kasimiri, hapa kwetu karibu na stesheni ya Igalula.

Ndoa ilifungwa misheni mapema, kabla jua halijawa kali. Mimi, Wenceslaus, baba yake mdogo, ndimi niliyemshika mkono mpaka mbele ya altare. Kasimiri hakuja. Alikuwa na kifua kikuu, na alikuwa akiishi peke yake katika kibanda cha nyasi alichokijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba, ng'ambo ya vihenge vya mtama. Dresa wa hospitali, msaidizi wa daktari, alikuwa amemwambia, "Ugonjwa wako umo katika mate na makohozi. Usiteme ovyo, usile chombo kimoja na watu, usikae na watoto nyumba moja." Kaka aliyashika maneno hayo kama alivyozishika amri za Mungu. Hata mkewe Apolinaria alimwachia chakula juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo kaka akatoka kukichukua.

Kanisani hapakuwa na shida. Shida ilikuwa inatungojea nyumbani.

Kwetu binti haondoki bila maji ya baba. Unga mweupe wa mtama hukorogwa na maji ndani ya kibuyu. Baba huchukua funda moja mdomoni, wala halimezi, humpulizia binti usoni na kifuani, kisha humtakia njia njema, watoto na amani. Ni desturi ya zamani. Marehemu baba yetu alikuwa mpagazi, na kila alipojitwika mzigo kwenda Pwani babu alimpulizia hivyo hivyo. Alituambia kwamba wenzake walioondoka bila maji hayo, mifupa yao ilibaki njiani Ugogo. Padri alikuwa akituonya juu ya matambiko, lakini hili tulisema si tambiko, ni sala ya mzazi tu, na baada ya kupuliza tulifanya ishara ya msalaba.

Mchana ule Benedikta alikuwa apande treni na mumewe kwenda Usinge. Asipopuliziwa, tulijua yatakayosemwa huko. Akichelewa kushika mimba mwaka mmoja tu, wangesema baba yake alimnyima baraka, na wangemrudisha.

Tuliporudi kutoka misheni, dada yetu mkubwa Katarina alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nenda kamtoe kaka yako kule shimoni alikojifukia."

"Dada, anaumwa."

"Nani asiyejua kwamba anaumwa? Sikumwambia aje acheze ngoma. Apulize mara moja, arudi akalale."

"Dresa alisema..."

"Dresa! Huyo dresa ana binti wa kuoza? Na wewe unayekwenda kanisani kila siku, hukusikia padri akisoma? Bwana Yesu alimtemea kipofu mate machoni na kipofu akaona. Kwa hiyo mate ya baba ndiyo yatamdhuru mwanawe?"

Mzee Ngollo, baba mkubwa wa bwana harusi, alikuwa ameketi juu ya kigoda kivulini. Yeye ni mtu wa Nzega aliyehamia Usinge, na watu wa kwao hutaniana na sisi bila kuchoka. Aliposikia akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Ninyi watu wachoyo ninyi! Ng'ombe zetu za mahari mmewala mpaka kwato, sasa mnatunyima hata mate?"

Watu wakacheka. Hata Modest, bwana harusi, aliinamisha kichwa akificha tabasamu. Lakini Mzee Ngollo alipomaliza kucheka alifuta macho, akasema kwa sauti nyingine, "Utani kando, Wenceslaus. Wazee wetu hawakujitwika mzigo ambao haujafungwa kamba. Mtoto huyu nampenda. Lakini sitamfikisha kwa mama mkwe wake akiwa mkavu namna hii. Nitaulizwa."

Nikaenda kwa kaka.

Nilimkuta ameketi mlangoni pa kibanda, amevaa kanzu nyeupe. Apolinaria alikuwa ameifua na kuipiga pasi, akaiacha juu ya jiwe pamoja na uji. Kanzu ilimwangukia kama imetundikwa ukutani. Pembeni yake palikuwa na kopo lake la kutemea, lenye majivu, limefunikwa.

"Alipendeza?" akaniuliza.

"Alipendeza sana, kaka."

"Alilia?"

"Alilia kidogo alipoiona nafasi yako haina mtu."

Akainyoosha kanzu kwa kiganja. Kisha akasema, "Nimevaa tangu alfajiri. Nilitaka tu kuivaa."

Nikamweleza maneno ya dada na ya Mzee Ngollo. Nilipofika kwenye habari za yule kipofu, alitikisa kichwa.

"Mwambie dada, Yesu hakuwa na kifua."

Nikacheka, naye akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Aligeukia ukutani, akajiziba mdomo kwa kitambaa, akakohoa mpaka nikaanza kusali moyoni. Alipotulia alikitia kitambaa ndani ya kopo, akafunika.

"Unamkumbuka Alois?" akauliza.

Nilimkumbuka. Alois alikuwa mtoto wa Eustadia, binti wa kwanza wa kaka. Mwaka uliotangulia, Eustadia alipokuwa akirudi kwa mumewe Nzega, Kasimiri alimpulizia maji pamoja na mtoto aliyekuwa mgongoni. Siku zile kaka alikuwa anakohoa tu, tukadhani ni vumbi la kupepeta mtama. Mtoto alifika Nzega, akaanza kukohoa, akakonda, akafariki kabla hajajua kusimama.

"Hatujui, kaka," nikasema. "Watoto hufa kwa mambo mengi."

"Kweli, hatujui. Mungu ndiye ajuaye, nami simuulizi. Lakini nilimpulizia usoni, Wenceslaus. Alishtuka, halafu akacheka, akalamba midomo."

Kuku walikuwa wakiparua majani ya kibanda, na kutoka uani zilisikika nyimbo za wanawake waliokuwa wakimsifu bibi harusi.

"Basi nipulize mimi," nikasema. "Mimi pia ni baba yake."

"Nami ningali hai?"

Nilikuwa nimesema jambo zito bila kulipima. Kwetu baba mdogo hushika kibuyu endapo tu baba amekwisha kuzikwa. Kukishika mbele ya baba aliye hai ni kumfukia kwa mikono yako.

Kasimiri alishika mwimo wa mlango, akainuka. Kisha akasema, "Waambie wakae uani wote. Nitakuja mpaka kwenye kihenge cha mwisho, sitapita hapo."

Nilirudi nikisali Salamu Maria, na sikujua ninaomba nini. Nikiomba apulize, namwombea Benedikta ugonjwa. Nikiomba asipulize, namwombea aibu. Nilimwachia Mama wa Mungu achague mwenyewe.

Watu waliketi. Benedikta alikaa juu ya mkeka pamoja na mumewe, gauni lake jeupe limefunikwa kanga mabegani. Apolinaria hakuketi. Alisimama peke yake katikati ya uwanja, nusu ya njia kati ya watu na vihenge.

Kasimiri akatoka. Alitembea polepole, kitambaa safi kimemziba mdomo na pua. Alipofika kwenye kihenge cha mwisho alisimama, akatazama vumbi linakokwenda, akazunguka upande wa pili ili upepo uichukue pumzi yake uipeleke porini. Benedikta alipomwona aliinuka ghafla amkimbilie. Baba yake akainua mkono.

"Kaa hapo hapo, mama."

Benedikta akasimama. Sauti ya kaka ilikuwa imekwisha nguvu, na upepo uliipeleka mbali nasi, kwa hiyo nilimsogelea kiasi cha kusikia, nikawa nayarudia maneno yake kwa nguvu ili wote wapate.

"Nawashukuru watu wa Usinge," alisema, nami nikarudia.

"Modest ni kijana mwema. Nimemwona kwa mbali, nimeridhika." Nikarudia.

"Siwezi kumpulizia mwanangu. Maji yatakayotoka kinywani mwangu yana kifo ndani yake." Nikarudia, na watu wakanung'unika.

Kisha akasema neno lingine, nami nikanyamaza.

"Sema," kaka akaniambia.

"Kaka, siwezi."

"Wenceslaus. Mimi ni mkubwa wako. Sema."

Nikageukia watu. "Kaka anasema ahesabiwe amekufa. Anasema tangu leo yeye ni marehemu, ili mdogo wake ashike kibuyu na binti apate maji ya baba."

Dada Katarina alikuwa wa kwanza kulia. Yeye aliyesema kaka atolewe shimoni alitupa mikono kichwani akapiga ukunga, na wanawake wengine wakaupokea, kama wanavyolia maiti inapotolewa ndani. Wale waliokuwa wakiimba nyimbo za harusi sasa walikuwa wakilia msiba, na marehemu alikuwa amesimama mbele yao amevaa kanzu, anawatazama. Apolinaria peke yake hakulia.

Mzee Ngollo alivua kofia. "Sikutaka hili," alisema. "Mungu ni shahidi yangu, mimi nilitania tu habari za mate."

"Shika kibuyu," Kasimiri aliniambia. "Treni haingoji."

Nikakipokea kutoka kwa dada. Benedikta alipiga magoti mbele yangu. Nikachukua funda. Maji yalikuwa ya baridi, na unga ulinishika ulimini. Nilipoinama kumpulizia niliona kwamba hanitazami mimi. Alikuwa akitazama pembeni yangu, kule kwenye kihenge.

Akainua mkono, akaniziba mdomo kwa kiganja chake.

"Meza, baba mdogo," alisema.

Nilibaki nimevimba mashavu mbele ya watu wote. Nilimtazama dada, nikamtazama Mzee Ngollo.

"Tafadhali, meza."

Nikameza.

"Unafanya nini, mtoto?" Katarina alipiga kelele. "Unataka kulaaniwa?"

"Na nani, shangazi? Baba yangu yule pale amesimama. Mtu aliye hai hatuwezi kumzika kwa sababu ya safari yangu."

"Amekubali mwenyewe!"

"Mimi sijakubali."

Mzee Ngollo aliinuka kwenye kigoda. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni, na nadhani alitamani binti apate jibu. "Binti yangu, usikie. Kesho nitakuwa nimesimama mbele ya watu wa nyumbani kwa mumeo. Wataniuliza, kapewa maji? Nitasema hapana. Na mwaka ukipita tumbo halina kitu, watasema ni huyu baba. Utawajibu nini? Sema sasa, tukiwa wote hapa, nisije nikaambiwa nimetunga."

Benedikta alianza kujibu akiwa bado amepiga magoti, ameinamia mkeka, na mimi niliyekuwa karibu sikupata hata neno moja.

"Mwacheni asimame," Apolinaria alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema neno tangu asubuhi. "Simama, mwanangu. Baba yako yuko mbali. Sema afike."

Benedikta akasimama. Modest naye akasimama kando yake, akamshikia kanga isipeperuke. Kule kwenye kihenge Kasimiri alikuwa ameegemea miti ya kihenge kwa bega moja, kitambaa mdomoni.

"Baba! Unanisikia?"

Kasimiri akainua mkono.

Benedikta akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yako, na mbele ya mama, na shangazi, na baba mdogo, na watu wa mume wangu. Naondoka bila maji, na baba yangu yu hai. Nikijaliwa watoto, nitawaambia kwamba babu yao aliwahurumia kabla hawajazaliwa. Nisipojaliwa, sitasema kwamba ni kwa ajili yako, wala sitakubali mtu yeyote aseme hivyo nikiwa nasikia, na wakitaka kunirudisha kwa hilo, nitarudi. Na siku utakapokufa kweli, baba, nitakuja kukulilia. Leo silii."