Mkono Uliotoka Kizimbani

Kifuniko cha birika kilianza kucheza taratibu, tiki-tiki-tiki, kabla jogoo wa jirani hajafumbua hata jicho moja. Bibi Cherehani alikuwa kwenye kigoda jikoni, shuka mabegani, akiusikiliza ule mlio kana kwamba ulikuwa na habari ya kumpa.

"Umeamka, au hukulala kabisa?" mzee wake akauliza kutoka mlangoni, huku akipapasa ukutani.

"Unatafuta nini?"

"Miwani."

"Iko kwenye upara wako."

"Najua. Nilikuwa naipima akili yako. Leo mahakamani wenye majoho watakuhoji, nisije nikaaibika mimi."

Bibi Cherehani alicheka, naye mzee alifurahi kumchekesha, maana usiku kucha alimsikia akigeuka kitandani kama chapati kikaangoni. Akammiminia chai, akaipoza kwa kuihamisha kikombe hiki hadi kile, kama alivyofanya tangu walipooana.

Leo Bibi Cherehani alikuwa shahidi mkuu wa kesi ya mauaji. Mbunge wao, mtu aliyependwa na wengi, alipigwa risasi juu ya ngazi za posta mchana kweupe, akishikana mikono na watu. Bibi Cherehani alikuwa chini ya ngazi hizo, amebeba mapazia aliyowashonea watu wa posta. Aliiona bastola ikiinuka. Majuma machache baadaye polisi walimwita kwenye gwaride la utambulisho, wanaume wamepangwa mstari. Hakufika hata katikati, kidole chake kikainuka chenyewe. "Huyu. Macho haya hata nikizikwa nayo nitayatambua."

Huyo alikuwa kijana wa kutengeneza baiskeli nyuma ya soko, watu wakimwita Fundi Spoki. Kabla ya hapo aliwahi kumtukana mbunge hadharani kwa sababu ya vibanda vilivyobomolewa. Ushahidi mwingine ulikuwa wa kuokoteza. Neno la Bibi Cherehani ndilo lingempeleka kwenye kitanzi.

"Ukimaliza habari ya bastola," mzee akasema, "wasimulie na yule aliyekuinua. Mahakama nayo isikie jambo jema siku moja."

Maana risasi zilipolia watu walimkanyaga, na kuna mtu alimwinua, akamkalisha pembeni, akamvisha na kiatu kilichomtoka. Kila usiku alimwombea.

"Sura yake sina, mzee wangu. Ningekuwa nayo, ningemshonea suti bure. Maajabu gani haya? Mbaya namkumbuka kope kwa kope, mwema simkumbuki hata pua."

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na feni ya darini ilikuwa ikizunguka kama inayobembelezwa. Njia ya kwenda mahali pa shahidi ilipita ubavuni mwa kizimba cha mshtakiwa. Jina lake lilipoitwa, Bibi Cherehani alitembea akitazama mbele, hakutaka kumwona yule mtu. Kwenye kipandio mguu ukakosea. Akayumba.

Kabla askari hawajashtuka, mkono ulitoka kizimbani ukamdaka kiwiko.

"Taratibu, mama. Shika hapa."

Askari walimvuta kijana nyuma. Bibi Cherehani akabaki amesimama, mguu mmoja juu, mwingine chini. Moyo ulikuwa ukipiga, lakini si kwa kuogopa kuanguka. Kiwiko chake kilikuwa kimeusalimu ule mkono kama mtu anavyomsalimu ndugu aliyerudi safari ndefu. Mkono mgumu kama msasa, lakini ulishika kama unashika yai. Na harufu ya grisi ya mnyororo wa baiskeli ikamjia puani, ingawa kijana alikuwa mahabusu miezi mingi na mikono yake ilikuwa safi kuliko ya wakili.

Akaapa.

"Mama," mwendesha mashtaka akasema kwa upole, "aliyempiga risasi marehemu yumo humu ndani?"

Bibi Cherehani aligeuka, akamtazama kijana. Macho ni yaleyale. Kope ni zilezile. Hapo ndipo baridi ilipompanda mgongoni. Kope! Mwenye bastola alikuwa juu kabisa ya ngazi, na katikati yao vichwa tele. Nani huhesabu kope za mtu aliye kule? Kope huonekana mtu akikuinamia. Akaona tena kama alivyoona siku ile: uso wa kijana ukiwa juu yake, nyuma yake anga tupu, na yale macho yanamtafuta alipoumia.

"Huyu nilimwona," akasema. "Lakini si kule juu. Nilimwona hapa karibu. Huyu ndiye aliyeniinua."

Chumba kizima kikavuma kama mzinga wa nyuki. Jaji akagonga meza.

"Mama, kuna mtu amekufuata nyumbani? Amekutisha?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Hapana, mwanangu. Amenishika kiwiko tu, mbele yenu wote."

"Polisi uliwaambia una hakika."

"Nilikuwa nayo. Na hata sasa nikifumba macho, namwona yeye ameshika bastola. Ninaiona kweli. Hicho ndicho kinachonitisha."

Jaji aliinama mbele. "Mama, mtu atayaonaje mambo ambayo hayakuwepo?"

Bibi Cherehani alifikiri, akajibu kwa kazi aliyoijua.

"Mheshimiwa Jaji, msimu wa sare za shule nakata mashati mengi, kitambaa kimoja. Vipande vya kila mtoto navifunga pamoja. Siku moja niliunganisha mikono ya shati la mtoto mmoja kwenye shati la mwingine, na ilikaa vizuri, haikuvuta wala kukunjamana. Ningeapa ni shati moja. Nadhani nimefanya hivyohivyo. Siku ile nilipata vipande viwili, mwili wa yule na uso wa huyu. Kichwa changu kikavishona, na mimi sikuuona mshono."

Jaji aliweka kalamu chini.

Mwendesha mashtaka hakuwa mtu mbaya. Akauliza, karibu kwa kunong'ona, "Na kama unakosea leo? Kama amekushika kwa makusudi, na kiwiko ndicho kinachokudanganya?"

"Inawezekana," akasema Bibi Cherehani. "Ndiyo maana siwezi kukupa shingo ya mtu."

Kesi iliahirishwa, jaji apate kulitafakari lile neno. Kijana akarudishwa mahabusu. Jumapili Bibi Cherehani alipanda basi kwenda kumwona, akasimama foleni pamoja na mama za watu. Walipokuwa wakitazamana kupitia wavu, maneno yote aliyoyapanga njiani yakamwagika kama vifungo.

"Leo umenitambua mapema," Fundi Spoki akasema.

Bibi Cherehani akacheka, na palepale machozi yakamtoka. "Nisamehe, mwanangu."

Kijana alikwaruza rangi ya meza kwa ukucha. "Sikudanganyi, mama, nilikuwa na hasira nawe. Unajua, siku ya gwaride nilipokuona unaingia nilifurahi. Nilijiambia, huyo mama wa mapazia, anakuja kuwaeleza nilikuwa wapi."

Bibi Cherehani alijishika kifua. "Na hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakaandika kwamba nimekiri nilikuwepo."

Kando yao mtoto alikuwa akimwonyesha baba yake jino lililong'oka, na baba akilisifu kana kwamba ni dhahabu.

"Na aliyepiga," Bibi Cherehani akauliza, "wewe ulimwona? Ulikuwa palepale."

"Sikumwona."

"Hata kidogo?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, mama. Umeanguka, kiatu kule, mapazia kule. Ningemtazama yeye saa ngapi?"

Bibi Cherehani akafumba macho, akarudi kwenye zile ngazi. Bastola ilikuwepo. Mkono ulikuwepo, na bega, na kola. Lakini juu ya kola sasa hapakuwa na mtu, palikuwa na mwanga mtupu. Akastaajabu jinsi pale pasipo na kitu palivyokuwa ndiyo kweli yake yote. Akastaajabu zaidi kwamba kijana huyu, baada ya yote, bado alimnyooshea mkono kutoka kizimbani.

Askari akagonga ufunguo kwenye chuma. "Muda, jamani, muda!"

Fundi Spoki alisimama, lakini hakuondoka.

"Mama, jaji hajasema. Huenda nikakaa humu bado."

"Najua, mwanangu."

"Basi Jumapili uje tena. Hata kama huna la kuniambia. Wewe njoo tu."