Koleo la Kwanza

Koleo la kwanza ni la kutupa. Ndivyo alivyofundishwa miaka minne iliyopita, na ndivyo alivyofanya asubuhi hiyo chini ya mikaratusi. Alikwangua majani makavu na magome, akayarusha pembeni, kisha akachimba shubiri moja, akajaza mfuko na kuandika namba. Udongo ulikuwa mkavu, rangi ya majivu. Chini ya misonobari mambo yalikuwa yale yale, ila sindano zake zilimchoma vidole. Wenzake katika kituo cha utafiti wa misitu walimwita Mama Koleo, wala hakuchukia.

Saa nne akateremka bondeni, kwenye kipande cha miti mchanganyiko. Zamani hapo palikuwa shamba la mama yake, kabla ya idara ya misitu kulitwaa na kupanda mikaratusi. Mikaratusi ilipokatwa ardhi ilibaki imechoka, maji ya mvua yakipita juu kama juu ya sakafu. Ndipo watafiti wakapanda aina saba za miti ya asili, waone kama udongo utarudi.

Ulirudi. Yeye hakuhitaji kipimo, pua ilimtosha. Ilikuwa harufu ile ile ya utotoni, mama yake akivunja bonge la udongo kiganjani na kumwambia, "Nusa, mwanangu. Hiki ni chakula ambacho hakijapikwa tu." Kila alipoinusa alitamani mama yake angekuwapo.

Kituoni kulikuwa na kanuni: mfanyakazi akitimiza miaka kumi na mitano kazini, hupewa ukanda wa kulima kati ya miti mpaka astaafu. Yeye alitimiza mwezi huo. Kwenye fomu aliomba kipande kimoja tu, hicho cha bondeni.

Akakwangua majani, vijiti na tabaka jeusi la vidole vinne, limejaa nyungunyungu. Akatupa. Akachimba shubiri, akajaza mfuko, akapanda kilima.

Fundi wa maabara, mwanamke asiyeweza kuweka habari kifuani, alimpokea mlangoni.

"Mama Koleo, umesikia? Bonde lako linakatwa. Mikaratusi inarudi."

"Nani kasema?"

"Ripoti. Vipimo vya miaka minne, udongo wa bondeni na wa mikaratusi ni pacha. Sasa wanasema kwa nini wahangaike na miti inayokua kwa kusuasua?"

"Haiwezekani! Ule udongo umeshiba. Ni mweusi ti!"

"Mweusi? Dada, mimi napima unachoniletea. Cheusi sijakiona hata kijiko."

Mama Koleo alitazama mikono yake. Kwenye mikaratusi takataka za juu zilikuwa takataka kweli. Bondeni, hizo takataka ndizo zilizokuwa udongo. Miaka minne alikuwa ametupa nyama na kuwapelekea wapimaji mifupa. Aliona aibu, akaona na hasira, asijue ipi itangulie.

Akarudi bondeni mbio mbio, akajaza mfuko wa tabaka jeusi, akaubeba hadi ofisini.

"Shikamoo, mama," afisa wa kituo alisema bila kuinua kichwa. Alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza.

"Marahaba. Pima na huu."

Afisa alichungulia. "Mwongozo unasema uchafu wa juu uondolewe. Kote sawa. Ndiyo haki yenyewe."

"Haki gani, mwanangu? Unawapima mnene na mwembamba kwa kuwavua nyama kwanza?"

Afisa alitaka kucheka, akajizuia. "Ripoti iko kwa wakubwa. Niwaambieje, kwamba miaka minne tulitupa jibu?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki."

"Kuzoa ndiyo kazi yangu."

Afisa alimsogezea karatasi. "Weka sahihi, kwamba sampuli zilichukuliwa kwa kufuata mwongozo. Ukanda wako nitakupa kule juu, kwenye mikaratusi."

"Maharage hayaoti kule."

"Fomu haiulizi kama yataota au hayataota."

Mama Koleo alishika kalamu. Mwongozo ulifuatwa, hapo hapakuwa na uongo. Lakini akaukumbuka mkono wa mama yake, akaiweka kalamu mezani. "Hii sitii sahihi."

Afisa alishusha pumzi, akaivuta karatasi, na penye nafasi ya mchukua sampuli akaandika: *Hayupo.*

Naye amesimama mbele yake, matope hadi magotini.

"Huo mfuko, mama, ukitoka umwage nje."

Aliubeba hadi bondeni. Miti ilikuwa imeshapigwa alama za rangi nyekundu. Bila shaka wapaka rangi walipita wakati yeye yuko ofisini. Akaumimina udongo mweusi kwenye shimo la asubuhi, akausawazisha kwa kiganja. Mfukoni mwa aproni alikuwa na mbegu za maharage, alizozichagua moja moja tangu alipojaza fomu. Akazipanda zote, mbili mbili kila shimo, kati ya mti na mti.

Maharage yale hukomaa kwa siku sabini. Wakata miti walikuwa wanakuja baada ya arobaini.