Kiko cha Marehemu Odilo

Siku ya kugawa vitu vya marehemu mumewe, Hilda alikuwa na shida na kitu kimoja tu: kiko. Koti wachukue. Buti wachukue. Redio, ambayo ilikuwa haisemi mpaka uizabe kofi, wachukue na kofi lake. Lakini kile kiko cheusi cha mzizi, chenye mdomo uliotafunwa upande mmoja, alikitaka kuliko hata kile kiwanja cha nyuma.

Na kukiomba hawezi. Mtaa mzima wa Mjimwema, ukoo mzima, na mapadre wote waliopita pale parokiani walijua kwamba mvuta kiko wa nyumba ile ni Odilo. Odilo mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvuta hata siku moja.

Mvutaji alikuwa Hilda.

Sasa Hilda ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango. Kitenge kimenyooka, sauti ya kuanzisha nyimbo, kidole cha kuwanyooshea wanaochelewa misa. Mtu kama huyo atavutaje kiko? Basi alikuwa anavutia jikoni, lile jiko la nje, moshi wa kuni ukisitiri moshi wa tumbaku. Mgeni akipiga hodi, kiko kinapita dirishani hadi mkononi kwa Odilo, aliyekaa kwenye baraza ya uani kama mlinzi. Kuna siku kilipita kikiwa cha moto. Odilo akakidaka, akapaza sauti, "Yesu wangu!" Wageni wakavua kofia wakijua wamemkuta kwenye sala.

Padre akihubiri juu ya wavuta tumbaku, macho yote kwa Odilo. Odilo anainamisha kichwa kwa toba. Hilda anampiga kiwiko kabisa: "Unasikia, baba Oliva? Unasikia?"

Tumbaku yenyewe alikuwa anaifuata Makambako, kwa mzee mmoja anaitwa Lukas, anayetundika majani kwenye kenchi za ghala lake mpaka upepo uyakaushe yawe rangi ya kahawia. Nyumbani akiulizwa, anasema ni dawa ya utitiri wa kuku.

"Mama, hii ni tumbaku ya burley tupu," Lukas alikuwa anamwambia kila safari. "Sijaweka asali, sijaweka manukato, sijaichanganya na jani lingine. Usiivute kama una basi la kuwahi."

Hilda hakuwa na basi. Alikuwa anaivuta polepole, anaibusu tu, moshi unaishia mdomoni, anaonja zile karanga zilizoungua kidogo, basi. Ikikolea vizuri anasamehe mpaka wanakwaya.

Haya. Ukoo ukajaa uani, wamevaa masweta na makoti, maana ukungu wa Njombe ulikuwa haujaamua kuondoka. Msimamizi alikuwa Mzee Tarsis, mkubwa wa ukoo. Kwao kuna utaratibu: anayepewa kitu cha marehemu anakitumia palepale, watu wakiona. Koti alivae. Jembe alipige chini. Kitu kikimkataa, kinatafutiwa mwingine.

Mdogo wake marehemu, Clemens, mwenye duka la spea Makambako, alikuwa amepania. Koti lilimkubali. Buti zilimbana lakini akasema zimemkubali. Redio akaizaba, ikasema.

"Kiko," akasema Mzee Tarsis.

"Hicho pia ni changu," Clemens akadakia. "Mimi ndiye mvutaji niliyebaki kwenye ukoo huu. Pakiti nzima kwa siku, muulizeni mtu yeyote pale stendi."

"Sifa hiyo!" akasema Flora, dada yao, ambaye hakuwahi kumwachia Clemens hata sentensi moja ipite bure.

Moyo wa Hilda ukashuka hadi kwenye ndala. Lakini sura yake ikabaki ya mjane.

"Mama Oliva, mjazie," Mzee Tarsis akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unamjazia mwenzio."

"Nilikuwa namjazia, mzee."

Akajaza. Na mjue, hakumfanyia hila yoyote. Alivuruga jani vizuri, akaweka chini laini, juu akakaza kidogo kwa dole gumba, kama anavyojaza siku zote. Hakumwambia tu jinsi ya kuvuta. Angemwambiaje? Yeye mama wa kigango atajulia wapi?

Clemens akatoa kiberiti cha gesi, akauma kiko, akavuta kama anavyonyonya petroli kwa mpira kwenye tangi. Moshi wote ukaenda kifuani. Akaubana humo, mashavu yametuna, ili watu waone mvutaji.

Watu wakaona. Kwanza macho yakatoka. Halafu kikaja kikohozi ambacho kilifukuza kuku wa jirani. Akavuta tena, kwa ubishi. Jasho likamtoka, kwenye baridi ile.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya mtu aliyeko kisimani, "hii mmechanganya na nini?"

"Haijachanganywa na kitu, shemeji. Hiyo ndiyo shida yake."

"Mbona nyumba inatembea?"

"Nyumba imekaa, Clemens," Flora akasema. "Kaa na wewe."

Clemens akakaa. Halafu akalala kabisa kwenye majani, na koti la marehemu, mguu mmoja una buti, mwingine soksi, kwikwi zikimrusha kama lori kwenye mashimo.

Mzee Tarsis akakiokota kiko. "Kimemkataa. Nani mwingine?"

Wapwa wakaangalia mawingu. Mwalimu Ronald, katekista, akarudi nyuma hatua mbili asije akadhaniwa.

"Basi hakina mtu," Flora akasema. "Kitupwe motoni, kaka apumzike na uchafu wake."

"Sawa," akasema Mzee Tarsis, na akageukia jiko la nje, ambako sufuria la ubwabwa lilikuwa linachemka juu ya moto mkubwa.

Hilda alimwona mzee akipiga hatua. Akakiwaza kigango, akamwaza padre, akawawaza wale akina mama aliowanyooshea kidole. Halafu akawaza jioni zote zilizobaki, na yeye mle jikoni, mdomo mtupu.

"Mzee, naomba hicho kitu."

"Cha nini, mama Oliva?"

Hilda akakichukua. Akashindilia jivu kwa dole gumba bila kuangalia, akapiga njiti, akaizungusha juu, akavuta kidogo, tena kidogo. Kikawaka. Akafumba macho. Moshi ukatoka pembeni mwa mdomo, mwembamba, hauna haraka, na harufu ya karanga ikapita uani ikiwagusa watu mmoja mmoja.

Hata Clemens aliacha kwikwi.

"Mama mwenyekiti!" Mwalimu Ronald akasema.

"Abee, mwalimu."

"Umeanza lini?"

"Oliva alikuwa hajazaliwa."

"Na marehemu je?"

"Marehemu alikuwa anashika. Alikuwa anatafuna huu mdomo, basi. Moshi ulikuwa unamkera."

Flora akapiga makofi. "Ndiyo maana meno ya kaka yalikuwa meupe vile! Mimi nilijua ni dawa ya mswaki!"

Mwalimu Ronald akakohoa kikatekista. "Mama, suala hili itabidi parokiani..."

"Peleka, mwalimu. Na uwaambie nakuja mwenyewe, nitawahi kufika kuliko wewe."

Mzee Tarsis alikuwa anaangalia moshi tu. Alisubiri kiko kizimike, hakikuzimika. Alisubiri mama akohoe, hakukohoa.

"Kimemkubali," akasema. "Kiandikeni chake. Aa, hata msiandike. Kilikuwa chake."

Uani pakazuka kelele. Wengine wanacheka, wengine wanasema aibu, na wa aibu ndio walikuwa wanasogea karibu zaidi waone vizuri. Hilda akachukua kiti cha Odilo, akakitoa barazani, akakiweka mbele ya nyumba, kinaangalia barabara. Akakaa.

Haikupita muda, Flora akaburuta kigoda, akakaa pembeni yake. Akatazama huku, akatazama kule.

"Wifi."

"Unasemaje?"

"Ukimaliza, na mimi nijaribu."

Hilda akakitoa kiko mdomoni, akakipangusa kwa kitenge.

"Shika. Usipeleke kifuani."