Harufu ya Bwawa

Mume wangu ni mpaka rangi, na tangu anioe amekuwa akirudi nyumbani ananuka rangi. Ghafla akaanza kunuka bwawa la kuogelea. Mimi ni msusi, pua yangu imezoea dawa za kila aina, haidanganyiki kirahisi. Harufu ileile nilikuwa naiosha kila jioni kwenye nywele za binti yetu, aliyeko kwenye timu ya kuogelea ya klabu moja ya wenye nazo. Lakini binti anaogelea. Baba yake hata beseni linamtisha.

"Leo umepaka wapi?" nikamuuliza.

"Huko mjini."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

Alijibu haraka mno, jibu la mtu aliyejiandaa.

Kilichonikera zaidi ni ada. Muhula uliopita ilitutoa jasho: umelipa ada, inakuja nguo ya kuogelea, umemaliza nguo, miwani, ukidhani umepumua, nauli ya mashindano. Niliuza draya yangu moja. Muhula huu mume wangu akaniambia, macho ukutani, "Mwalimu ametusamehe ada." Ametusamehe kwa lipi? Mwalimu mwenyewe ni mwanamke, tena kijana, kajengeka huyo! Nilipomuuliza binti, akasema ana usingizi. Jua lilikuwa halijazama.

"Dada, hela haisamehewi hivihivi," alisema mwenzangu wa saluni, tunayemwita Redio. Neno likaniingia, likagoma kutoka.

Jumamosi, siku ya wateja wengi, nilimwacha mteja na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama, nikamwambia Redio amalizie. Njia nzima ya kwenda klabuni nilikuwa napanga matusi. Nikiwakuta pamoja, ndoa ingeishia palepale, mbele ya watoto wa watu.

Nikakaa kwenye benchi la wazazi. Mwalimu alisimama ukingoni na filimbi yake, peke yake. Mume wangu simwoni. Binti yetu alikuwa anaogelea vizuri mno, hadi nikasahau kidogo kilichonileta.

"Wako ni yupi?" akaniuliza mama mmoja jirani yangu.

Nikamwonyesha.

"Aa, huyu! Hongera, dada. Baba yake bado yuko ng'ambo? Maana binti anamsifia huyo!"

Ng'ambo? Kabla sijafungua mdomo, brashi ikagusa kiatu changu.

"Samahani mama, nipishe kidogo nisugue hapa."

Sauti ile nalala nayo kitanda kimoja. Mume wangu, ndani ya ovaroli ya klabu na mabuti ya mpira, amelowa mpaka magotini. Alipoinua uso akaniona, akatikisa kichwa polepole: usiseme. Ada haikusamehewa, ilikuwa inasuguliwa. Hakuniambia kwa sababu anaujua mdomo wangu. Na binti alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa ameshika ukingo wa bwawa, miwani juu ya paji la uso, ananiomba kwa macho kitu kilekile.

Niliona aibu, kisha nikashikwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya mwalimu wala ya mume. Siku zote nilikuwa namwinda mwongo, kumbe namwosha nywele kwa mikono yangu.

Nikainua miguu. Akasugua chini ya benchi, akapitisha maji, kama ambavyo angemfanyia mzazi mwingine yeyote. Nilijaribu kunyamaza. Mungu anajua nilijaribu.

"Mume wangu," nikaita, kwa sauti ya kufika upande wa pili wa bwawa, "umekula?"

Yule mama akageuka. Mwalimu akaitoa filimbi mdomoni. Binti yetu alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akashusha miwani machoni akarudi majini.

"Nimekula," akajibu mume wangu, akaendelea kusugua.