Kamba ya Paani

…ama niingie nimwombee msamaha yaishe, hapana, ngoja kwanza, hiyo ni sauti ya Winny, Winny wangu, mlango wa paa uko wazi kidogo na mimi nimesimama kwenye ngazi na beseni la pili la nguo, anagombana, Mungu wangu, binti yangu anagombana na Mama Muoki, "Aunti, shuka zako zilikuwa zimekauka, nimezikunja vizuri nikaziweka hapo," na Mama Muoki, "Nani alikutuma uguse nguo za watu?", na hapo ana haki, hapa mtaani Pipeline nguo ya mtu haiguswi, jua ni la paani peke yake, huko chini majengo yamebanana hadi tunawasha taa mchana, kila mtu anajua unaita mwenye nguo aje aanue mwenyewe, kila mtu isipokuwa mtoto ambaye hatoki… corona ilipofunga shule alikuwa mdogo, akaingia nyuma ya pazia linalogawa chumba chetu, nikasema ni woga tu, utapita, shule zikafunguliwa, akawa ni wa kwenda na kurudi, kwaya akaacha, dukani hata ukimtuma haendi, "Mama, watu ni wengi," barakoa usoni wenzake walipokwisha kuzitupa, na mimi natoka kiwandani miguu imevimba, nalala nikijiuliza huyu ataishi na watu vipi, ataombaje kazi, nisipokuwepo atabisha mlango wa nani, leo goti limenikataa ndiyo maana nikamtuma atangulie na beseni, akaenda amenuna… "Kumbe una mdomo! Mimi nilidhani ulizaliwa na barakoa," haya, sasa atalia, atanipita hapa mbio arudi kwa pazia lake, niweke beseni chini nimshike… "Nilizaliwa nayo, Aunti, lakini leo nimeifua, si ile pale kwa kamba," na kuna mtu anacheka, msichana, ni Sally wa orofa ya tatu, na Mama Muoki naye anajaribu kukaza sauti inamponyoka, "Mtoto mjeuri wewe, shika upande huo tusogeze hizi nguo upate nafasi," ningekuwa mama wa siku zingine ningeingia na kandambili mkononi, mtoto hajibizani na mkubwa, hivyo ndivyo nilivyolelewa kwetu na ndivyo nilivyomlea, lakini leo hapana, mjibu mwanangu, mjibu tena, asante Baba, sikuomba hii, mimi niliomba arudi kwaya tu, ukaona uanzie kwa ugomvi wa kamba, sawa, napokea, maji ya beseni yananidondokea miguuni na sitaki hata kukohoa… "Kwani wewe unakaa wapi, mbona hatukuonangi?" ni Sally anauliza, sema mwanangu, sema, "Hapo tu chini yenu, mlango wa bluu," anasema, "kuja basi."