Ringi ya Mzee Dalmas

Mama Wamucii hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo. Aliuza sukuma wiki kwenye jukwaa la stesheni iliyofungwa, bondeni nyuma ya Kinoo, na kredo ya simu yake aliichunga kuliko mboga. Kwa hiyo alipopigia simu zahanati ya Hurlingham, Ivyne aliyekaa pale mapokezi alishtuka kabla hajaitika.

"Ivyne, kuja saa hii! Baba yako amevaa uniform, amesimama kando ya reli na ile ringi yake. Tumemvuta amekataa."

"Na treni?"

"Ile ya kujaribu reli kabla ifunguliwe tena? Wanasema imeshatoka tao, huko mjini!"

Ivyne alimwachia mwenzake wagonjwa, akadandia bodaboda akiwa na beji shingoni. Kangemi kulikuwa na foleni ya kutoa machozi. "Pita juu ya njia ya miguu, nitalipa faini mimi!" alimfokea mwendeshaji, naye akapita akiwatukana waliomtukana.

Baba yake, Mzee Dalmas Oyoo, alikuwa stesheni masta wa mwisho pale. Reli ilikuwa moja tu, na dereva hakuruhusiwa kuingia kipande cha njia bila tokeni yake, kipande cha shaba ndani ya mfuko wa ngozi ulioshonewa ringi kubwa ya chuma. Masta aliinyanyua juu, dereva akatoa mkono dirishani na kuinasa ringi wakati treni ikipita. Mwenye ringi ndiye mwenye njia. Siku stesheni ilipofungwa, Dalmas alikuwa ameitoa ringi kwenye mashine yake na anangoja treni ambayo haikuja. Wakubwa wakasema funga. Hakuna aliyesema ringi apewe nani.

Basi akakaa nayo. Madirisha yaliibwa, kibao cha jina kikageuka mlango wa banda la kuku, yeye bado yumo katika nyumba ya reli inayovuja. Ivyne alimbembeleza ahamie kwake Kinoo hadi ulimi ukachoka. "Siwezi kuondoka na njia mkononi," mzee alijibu kila mara. Siku moja binti alipandwa na hasira, akamwambia reli ilishamsahau. Mzee alimnunia hadi Krismasi.

Ivyne alimkuta amesimama wima, koti la bluu limefungwa vifungo vyote, mkono wa kulia juu. Macho yake yalikuwa na ukungu, na kwa kutoona vizuri alikuwa amesogea karibu mno. Injini ingemzoa. Madereva wa siku hizi huongea kwa redio. Huyu anayekuja ringi angeijulia wapi?

"Baba, rudi nyuma!"

"Usinishike. Niko kazini."

Alimvuta. Mzee alikuwa mgumu, na kokoto zilianza kuteleza chini ya miguu yao. Wangeanguka wote wawili relini. Honi ikalia nyuma ya kona.

Ivyne alimwacha. Alinyakua leso nyekundu iliyofunika nyanya za Mama Wamucii, nyanya zikabingirika kila upande, akakimbia kuielekea treni akipunga kama mwendawazimu. Injini ilitokeza, kubwa kuliko alivyoikumbuka utotoni. Breki zikapiga kelele za kukereza meno.

"Toa hiyo!" baba yake alinguruma nyuma yake. "Njia iko wazi!"

Treni ikapunguza mwendo, lakini haikusimama. Dereva, kijana mwenye kofia ya plastiki, alichomoza kichwa akiwa amejaa matusi.

"Toa mkono!" Ivyne alimpigia kelele, akageuka na kukimbia sambamba naye. "Ukunje hivi! Ichukue, tafadhali, mzee hatatoka!"

"Nichukue nini, madam?"

"Ringi! Utoe mkono tu!"

Kijana aliitazama ile kofia kuukuu ya mzee, ile ringi iliyong'arishwa. Akarudi nyuma kidogo dirishani, akatoa mkono akaukunja.

Ivyne alifumba macho. Alisikia chuma kikigonga chuma, kisha mabehewa, moja baada ya jingine.

Alipoyafumbua, treni ilikuwa inaishia kwenye miti na baba yake bado amesimama, mzima, mkono mtupu ukiwa juu. Alimkimbilia, akaushusha mkono ule mwenyewe.

"Usiwahi kupungia treni leso nyekundu kama njia iko wazi," mzee alisema kwa ukali. "Utaua watu."

"Nimeskia, Baba."

Mama Wamucii aliokota nyanya zake akilia na kulaani kwa pamoja. Mzee alitembea hadi mlango wa ofisi usio na kitasa, akauvuta ukafungika. Akavua kofia.

"Ile rumu yako ya Kinoo," akauliza, "bado iko?"

Ivyne alimshika mkono, na mara hii mzee hakumwambia amwache.